Mtumbwi Uliokaa Kimya

Mbonimpa alipiga magoti kwenye tope, akabandika sikio ubavuni mwa mtumbwi, akasikiliza. Hakusikia kitu.

Mtumbwi wenyewe si wa majini. Ni gogo nene lililochongwa likatolewa matumbo, la kukamulia ndizi na kuchachushia lubisi. Pale Nyakasimbi hata mtoto anajua kwamba pombe ya ndizi ikifunikwa kwa majani ya migomba leo mchana, kesho alfajiri utaisikia inachemka yenyewe bila moto, inanong'ona humo ndani na kutumbua mapovu. Marehemu baba yake Mbonimpa alikuwa akiisikiliza kwa sikio la kulia, kisha anainuka, anasema "imeamka," na siku inaendelea. Asubuhi ile ya Ijumaa, Mbonimpa alijaribu sikio la kulia, akajaribu la kushoto, akahamia upande wa pili wa mtumbwi, akarudi tena la kulia. Kimya.

Moyo ukaanza mambo yake.

Sasa ni lazima mjue pombe hiyo ilikuwa ya nani, maana ingekuwa ya kuuza kwa vikombe pale barazani, hata Mbonimpa mwenyewe, pamoja na woga wake wote, angekwenda kunywa chai kwanza. Ilikuwa ya mzee Kashaija wa Mabira. Jumamosi, yaani kesho yake, Kashaija alikuwa anapeleka mahari ya mwanawe mkubwa, na kwa akina Kashaija pombe ya wakwe hainunuliwi. Babu hakununua, baba hakununua. Ndizi zinakatwa shambani kwa baba wa kijana, zinaivishwa, zinakamuliwa, na siku ya siku baba wa binti anaonja na kuuliza, "Hizi ni ndizi za shamba lako?" Baba wa kijana anajibu kwamba ndiyo, ni za kwangu, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Mkamuaji wa ukoo alikuwa amezeeka, miguu imevimba, hawezi tena kukanyaga. Kashaija akauliza huku na huku, akatajiwa kijana mmoja wa Nyakasimbi mwenye mtumbwi wa baba yake. Akajaza pikapu mikungu ya shamba lake, akaileta mwenyewe, akiwa amekaa mbele na kofia yake magotini.

Ikitoka nzuri, Mabira nzima ingekuja kwa Mbonimpa, kwa sababu Kashaija ni mtu ambaye akisema kitu watu wanakifuata. Ikiharibika, basi. Mtu aliyemharibia Kashaija mbele ya wakwe asingepewa tena hata ndizi za ubatizo. Angechukua jembe akalime mashamba ya watu kwa siku, kama alivyofanya babu yake alipovuka kutoka Burundi.

Zamani Mbonimpa alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa. Miaka sita. Na hapa ndipo watu wanapomcheka, tena wana haki: alipokuwa mlinzi alikuwa analala fofofo, kiti kimeegemezwa ukutani, mdomo wazi. Alipoacha kazi akajiajiri, eti awe bwana wa muda wake, ndipo alipoanza kulinda kwelikweli. Alilinda shimo la kuivishia ndizi, alilinda mtama wa kukaanga wa kuamshia pombe, alilinda mawingu. Chakula kikawa hakipiti. Kifua kikawa kinambana mpaka akaenda zahanati, akidhani ni moyo. Muuguzi alimpima, akamwambia presha yake ni nzuri kuliko ya kwake yeye muuguzi, na kwamba kinachomsumbua ni mawazo. Akampa masharti: avute pumzi akihesabu hadi nne, atembee jioni, na zaidi ya yote, moyo ukianza kwenda mbio asiamue jambo lolote, akae chini, anywe maji, angoje.

Basi Ijumaa ile alikaa chini. Akanywa maji. Akahesabu hadi nne, tena hadi nne, na kila alipofika nne alikuta mtumbwi bado kimya.

"Mvua imenyesha siku tatu," Therese, mkewe, alimwambia. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, kitenge begani, anamtazama mume wake aliyechafuka matope mpaka pajani. "Baridi hii hata unga wa maandazi umekataa kuumuka. Ngoja saa sita."

"Baba alikuwa anasema alfajiri."

"Baba yako alikuwa anasema alfajiri ya kiangazi. Hapa ni Aprili, Baba Dusabe. Kunywa uji."

Hakunywa. Uji aliushika mkononi mpaka ukaganda ngozi juu. Kichwani alikuwa anazirudia kazi zote moja moja. Shimo: alilipasha moto vizuri? Mtama: si ulikaangwa ukawa mweusi kidogo? Mtama ukiungua hauamshi kitu. Majani ya kukamulia: alikata upande wa bondeni, na bondeni kuna jirani aliyepulizia dawa nyanya zake. Au miguu? Miguu ya Hagenimana!

Hagenimana ni jirani yake, mtu wa makamo, ndiye aliyemsaidia kukanyaga ndizi. Na mtu akiingia mtumbwini na miguu yenye sabuni, pombe inakufa, hilo halina ubishi. Mbonimpa aliweka uji chini akavuka shamba karibu anakimbia. Alimkuta Hagenimana anapalilia maharage.

"Jana uliosha miguu kwa kitu gani?"

Hagenimana akajinyoosha taratibu. "Habari za asubuhi na wewe."

"Nakuuliza miguu."

"Kwa maji. Ulinimwagia wewe mwenyewe."

"Hukupaka sabuni nyumbani kabla hujaja?"

"Mbonimpa, sabuni mara ya mwisho tumeonana nayo Jumapili, tulipokuwa tunakwenda kanisani." Akamtazama jirani yake vizuri, tabasamu likamtoka. "Haijaamka?"

"Haijaamka."

"Kuna baridi. Itaamka."

Kila mtu alikuwa anasema itaamka, na kila aliyesema alizidi kumtia hofu, maana Mbonimpa aliona wote wanamfariji kama mtu anavyofarijiwa penye msiba. Hakuna hata mmoja wao ambaye kesho angesimama mbele ya wakwe. Hakuna ambaye jina lake lingetajwa. Wangeenda zao kupalilia maharage.

Akarudi, akabandika sikio mara ya tano. Akaona, au alidhani ameona, kwamba majani ya juu yamelegea, na pombe iliyokufa ndivyo inavyofanya. Saa mbili na nusu asubuhi akavaa shati safi.

"Unakwenda wapi?" Therese akauliza.

"Mabira. Nimwambie mzee mapema, atafute pengine. Nikingoja saa sita na bado iko kimya, nitakuwa nimemuua."

"Mpigie simu basi umwambie imechelewa. Sema imechelewa tu."

"Jambo kama hilo huwezi kumwambia mzee kwenye simu."

Na kweli, hapo alikuwa na adabu. Mzee wa namna ile unamfuata kwake, unamwamkia, unaketi, ndipo unasema. Ila Therese hakuwa anabishana na adabu. Alimshika mume wake mkono wa shati, akamwambia polepole, "Moyo wako unakwenda mbio. Naona hapa shingoni. Muuguzi alikwambia nini?"

"Nimekunywa maji," Mbonimpa akajibu, akatoka.

Pikipiki ilimchukua zaidi ya saa nzima, kwa utelezi ule. Dereva alitaka kuzungumza habari za bei ya kahawa, Mbonimpa akawa anaitikia tu mm, mm. Alikuwa anajipanga. Mzee, nimekuja na habari si nzuri. Hapana. Mzee, kuna jambo limetokea. Hapana, hiyo ni ya msiba. Mzee, pombe imekataa. Alilisema hilo la mwisho kwa sauti bila kujua, dereva akageuka akauliza, "Imekataa nini?" nusura waingie mtaroni.

Nyumbani kwa Kashaija shughuli ilikuwa imepamba moto. Wanawake walikuwa wanafagia ua, wengine wanachambua mchele kwenye ungo, na kibuyu kikubwa cha kupelekea pombe kilikuwa kimeoshwa, kimeanikwa juu ya kinu ili kikauke. Mzee mwenyewe alikuwa uani, kanzu yake ya kesho imetundikwa kambani, anaitazama kama vile kuna mtu ndani yake. Alipomwona Mbonimpa alifurahi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu. Umekuja kuniambia niandae mitungi mikubwa zaidi?"

Akacheka. Mbonimpa hakuweza kucheka. Akaletewa kigoda, akaketi, akaulizwa habari za Nyakasimbi, za mvua, za Therese, za mtoto, akajibu zote nzuri. Kifua kilikuwa kimembana kabisa. Hapo simu ikatetemeka mfukoni.

Aliitoa, akatazama. Mama Dusabe.

Sikilizeni sasa mtu alivyo. Mwingine angepokea. Mwingine angesema, huyu mwanamke nimemwacha nyumbani na mtumbwi, bila shaka ana neno la mtumbwi. Na Mbonimpa alisema hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kichwa chake siku hizi kilikuwa hakijui habari ya namna mbili. Simu ikiita, ni balaa. Akaona mtumbwi wa baba yake umepasuka, maji ya ndizi yanatiririka uani. Akaona ng'ombe wa jirani ameingiza kichwa. Akasema moyoni, moja linanitosha, la pili siliwezi, akaibonyeza simu ikanyamaza.

Ikatetemeka tena. Akaibonyeza tena.

"Pokea tu, mwanangu," Kashaija akamwambia.

"Si ya muhimu, mzee."

Ilipotetemeka mara ya tatu aliizima kabisa, na kwa kuwa sasa mzee alikuwa anamtazama kwa mashaka, maneno yalimtoka yote kwa mkupuo. "Mzee, pombe imekufa. Nimeifunika jana mchana, mpaka leo asubuhi haijatoa sauti. Nimeona nije nikwambie mwenyewe. Nisamehe, mzee wangu. Niliogopa nisije nikakuaibisha mbele ya wakwe."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapeta mchele aliusimamisha ungo hewani. Kashaija hakukasirika, na ingekuwa nafuu angekasirika. Alikitazama kibuyu juu ya kinu, akatazama kanzu, kisha akauliza jambo moja tu.

"Una hakika?"

Hapo palikuwa na mlango, jamani, tena ulikuwa wazi wote. Angeweza kusema, sina hakika mzee, tungoje saa sita. Lakini mtu aliyesafiri saa nzima kwenye utelezi na kifua kimembana anataka lile jambo liishe. Hataki liwe zuri wala baya, anataka liishe tu.

"Nina hakika," akasema.

Kashaija akampigia Cleophace, mkamuaji wa upande wa Ndama, ambaye kila wiki ana pombe tayari ya kuuza. Walielewana haraka. Gari lingekwenda kuichukua pombe jioni ile ile. Mzee aliiweka simu chini, akashusha pumzi. "Basi nitanunua," akasema. "Mimi ndiye wa kwanza." Akamshukuru Mbonimpa kwa kuwahi kusema, akaagiza apewe chai. Mbonimpa aliinywa chai ile yote, kifua kikafunguka, na njia nzima ya kurudi alijisikia mwepesi, karibu ana furaha. Alizungumza na dereva habari za kahawa mwanzo hadi mwisho.

Alifika Nyakasimbi saa saba kasoro. Kabla hajashuka kwenye pikipiki aliusikia.

Alisikia kutoka barabarani. Mtumbwi ulikuwa unachemka mpaka majani ya migomba juu yake yanainuka na kushuka, povu jekundu limetoka pembeni linatambaa kwenye gogo, na harufu imeenea uani kote, ile harufu tamu yenye ukali kidogo nyuma yake. Nyuki walikuwa wamefika. Hagenimana naye alikuwa amefika, amekaa kwenye jiwe, jembe mapajani, anatazama kama mtu aliyekuja sinema.

Therese alikuwa amesimama karibu na mtumbwi na simu mkononi.

"Imeamka saa nne," akasema. "Nimekupigia mara tatu."

Mbonimpa akashuka, akaiwasha simu yake.

"Umeshamwambia?"

Akatikisa kichwa kukubali. Therese hakumgombeza, wala hakuguna. Alikwenda ndani, akaketi kitandani, na kwa muda mrefu hakutoka.

Mnaweza kusema, si ampigie mzee amwambie imeamka? Alipiga. Alikosea kubonyeza mara mbili. Kashaija alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Nimefurahi kwa ajili yako," mzee akasema. "Lakini nakwenda na ya Cleophace."

"Mzee, hizi ni ndizi zako. Njoo uione kwa macho yako, inapanda kama maziwa."

"Mwanangu, asubuhi nilikuuliza kama una hakika, ukasema unayo. Sasa hivi una hakika tena. Kesho nitakapokuwa nimeketi kwa wakwe, sitamsikiliza mshenga, nitakuwa nasikiliza simu yangu, nione kama ni wewe unapiga. Hofu yako hiyo mimi siiwezi. Nina umri. Ndizi zangu nilizitaka sana," akasema, akakata.

Lubisi haiwekwi siku nyingi. Jumamosi majirani walikuja na vikombe, wakaja na madumu, wakanywa. Iliwashangaza. Mama mmoja wa jumuiya alisema tangu mwaka alioolewa hajaonja pombe safi namna ile, na mwanamume mmoja akamwita mkewe aje aonje. Kila aliyesifu alimkata Mbonimpa maini. Yeye mwenyewe alionja kikombe kimoja, akijua saa ile ile huko Mabira kanzu imeshavaliwa, akakuta ni nzuri kuliko yoyote aliyowahi kutengeneza yeye au baba yake. Alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Alilia kwa sababu ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbaya angekuwa na la kujitetea.

Jumapili mchana, watu walipokuwa wanatoka kanisani, pikapu ikasimama barabarani. Kashaija akateremka, na kanzu, na fimbo. Therese alikimbia kutoa kiti. Mbonimpa alisimama tu, mikono haijui iende wapi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imebaki?"

Ilikuwa imebaki kidogo kwenye mtungi. Therese akamletea kikombe, akapiga goti kumpa. Mzee akanywa funda moja, akaishikilia mdomoni, akaimeza. Akanywa tena. Akakaa na kikombe magotini, macho yake yako mbali kule migombani.

"Jana mkwe alionja," akasema. "Pombe ya Cleophace si mbaya. Akaniuliza, ndizi hizi ni za shamba lako?"

Therese akauweka mtungi chini.

"Nikamjibu ndiyo, ni za kwangu. Mbele ya watu wote. Mbele ya kijana wangu, naye anajua." Akakitazama kikombe. "Nina miaka sabini na moja. Sikuwahi kumdanganya mkwe."

Mbonimpa alitaka kupiga magoti, akataka kusema nisamehe, lakini neno hilo alishalitumia Ijumaa na halikufaa kitu. Alibaki kusimama, machozi yanamlenga, na aibu yake ilikuwa nzito kuliko hofu yoyote aliyowahi kuibeba.

"Mwezi wa saba anaoa mdogo wa kijana wangu," Kashaija akaendelea. "Ndizi nitaleta hapa hapa. Sijaona mkono kama huu." Akainua macho, ila hakumtazama Mbonimpa. Alimtazama Therese. "Ila nitazungumza na wewe, mama. Huyu akanyage, achuje, afunike. Akishafunika, habari zote ziwe zako. Ukiniambia ngoja, nitangoja. Yeye asiniletee neno, hata likiwa zuri."

Therese alimtazama mume wake. Kazi ile ilikuwa ya baba mkwe wake, mtumbwi ni wa baba mkwe wake, na mtu alikuwa anakatwa ulimi nyumbani kwake mbele ya mkewe. "Nitafanya," akasema, "kama mwenyewe amekubali."

"Nimekubali," Mbonimpa akasema.

Alilisema haraka mno, kabla hata mzee hajamaliza kunywa, na mabega yake yakashuka, akavuta pumzi ndefu bila kuhesabu. Therese akageuza uso, kwa sababu aliona jinsi mume wake alivyofurahi.